Ufunguo wa Kabati

Nyuma ya sakristia ya parokia yetu, juu ya kilima kinachotazama Ziwa Kivu, kuna chumba kidogo, na ndani ya chumba hicho kuna kabati la mbao nzito lenye milango miwili na kufuli moja. Wengi wenu mmelipita mkienda kuchukua kanzu za watumishi wa altare. Ndani yake mna vitabu mia mbili na kidogo. Vingi viliachwa na mapadri wamisionari, masista wakaviongezea, na vichache vililetwa na Wakristo wenyewe walipokuwa wakiuhama mji. Tulikabidhiwa ufunguo wake mwaka 1998, na kwa muda wa miaka karibu ishirini tuliutunza kama mtu atunzaye ufunguo wa tabernakulo. Leo tunataka kuwaeleza jinsi tulivyoutunza vibaya.

Kabati hilo lina bahati yake. Mwaka 1996, vita vilipofika Bukavu, nyumba ya mapadri iliporwa: viti, magodoro, masufuria, mashine ya kuandikia, hata bawaba za milango. Vitabu vilimwagwa sakafuni, vikakanyagwa, vikaachwa. Hakuna mporaji aliyeona faida ya kubeba karatasi. Paroko wetu wa wakati ule alituomba tuviokote na kuvipanga, kwa kuwa tulikuwa tumesomea ualimu na tulijulikana kwa mwandiko mzuri. Kazi hiyo ilituchukua majuma matatu. Tulipangusa matope, tukashona majalada kwa uzi wa viatu, tukaandika orodha katika daftari.

Kisha tukaanza kupanga, na hapo ndipo tulipokosea. Rafu ya juu tuliwekea Biblia, za Kiswahili na za Kifaransa, maisha ya watakatifu, nyaraka za Mababa Watakatifu, na Katekisimu ya mwaka 1992. Rafu ya kati tuliwapa wanakwaya: vitabu vya nyimbo, vya solfeji, na kimoja cha kujifunza kupiga harmonium, ingawa harmonium yenyewe ilikwisha kwenda na waporaji. Vilivyobaki tuliviita vitabu vya dunia. Kulikuwa na cha kufuga nyuki, cha useremala, cha kufuga sungura, viwili vya sheria, na kimoja kinene chenye jalada la kijani, cha hesabu za biashara, kile ambacho watu wa maduka hukiita kitabu cha kontabilite. Hivyo vyote tulivisukuma katika rafu ya chini kabisa, nyuma ya boksi la mishumaa, na katika orodha hatukuviandika.

Mwaka 2011, Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, binti mmoja wa sauti ya pili alitufuata mpaka mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Mama yake alikuwa akiuza sambaza katika soko la Kadutu, na binti huyo ndiye aliyekuwa akishika pesa siku ambazo mama alikuwa mgonjwa. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma, akasema, “Mwalimu, nimeona kitabu cha kijani kule chini siku tulipofagia. Naomba kukiazima kwa juma moja.” Tulimwuliza anakitakia nini. Akajibu kwamba mama yake huuza kila siku na kila mwezi hajui kama amepata au amepoteza.

Tulimjibu kwamba kabati la parokia si duka la Kadutu. Tukamwongezea mafundisho juu ya mabwana wawili ambao mtu hawezi kuwatumikia pamoja, kisha tukatoa katika rafu ya juu kitabu cha maisha ya Mwenyeheri Anuarite, tukampa. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Baada ya majuma mawili alikirudisha akiwa amekisoma chote, maana tulimwuliza maswali na akayajibu. Kile cha kijani hakukiomba tena.

Msidhani kwamba tulifanya hivyo kwa chuki. Katika miaka ile tulikuwa tumewaona vijana wengi wakiondoka katika ukatekumeni kwenda machimbo ya dhahabu na ya koltani, na wachache walirudi. Tulikuwa tumeviona pia, kando ya barabara, vile vijitabu vyenye picha ya mtu aliyevaa suti mbele ya gari, vinavyoahidi kwamba ukiamini sana na kutoa sadaka kubwa utakuwa tajiri kabla ya mwaka kwisha. Vijitabu hivyo tulivichukia, na tunavichukia hadi leo. Lakini tulikuwa tumekosa kutambua jambo ambalo mwalimu wa shule ya msingi angepaswa kulitambua kwa kufungua kurasa mbili tu: kitabu cha kijani hakikuahidi utajiri wowote. Kilikuwa kinafundisha kupiga mistari, kuandika tarehe, na kutomdanganya mtu, hata wewe mwenyewe. Kinyume kabisa cha kijitabu cha barabarani! Tuliviweka katika gunia moja kwa sababu vyote viwili vilitaja fedha.

Sasa tufike kwenye aibu yetu.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 kwaya iliamua kujiandaa kwa jubilei yake. Ilihitaji sare mpya na kinanda cha umeme. Kila mwanakwaya alitoa kadiri alivyoweza, na jumuiya za mitaa zikachangia. Fedha zilihitaji mtu mwaminifu wa kuzitunza, na watu wote wakatutazama sisi. Tuliona fahari kuitwa mwaminifu. Tulichukua daftari lile lile ambalo upande wa mbele tuliandika mahudhurio ya wakatekumeni, tukaligeuza, na upande wa nyuma tukaanza kuandika majina na viasi. Fedha zenyewe tuliziweka katika bati la maziwa ya unga, chini ya kitanda.

Katika shule ya ualimu tulifundishwa kutayarisha somo, kuandika jarida la darasa, kusahihisha imla. Tulijua kugawanya na kuzidisha sehemu mpaka usingizini. Lakini kutunza fedha za watu wengine ni elimu nyingine, na hatukujua kwamba hatuijui. Tuliandika vilivyoingia. Vilivyotoka tuliviandika pengine, au tulivikumbuka tu kichwani. Mwanakwaya mmoja alipofiwa na mtoto, kamati ilikubali kwa mdomo tutoe dola 50 za mazishi, na sote tulisema zitarudishwa. Tulipokwenda mara kadhaa kuuliza bei za vitambaa na vinanda, tulilipa pikipiki kutoka bati lile lile. Na kuna jambo la tatu ambalo kwa muda mrefu halikutujia akilini hata kidogo: michango mingi ilikuja kwa franga, nasi tukaiandika kwa dola, kwa kadiri ya siku ile.

Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, mambo ya franga katika miaka ile. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930. Mwishoni mwa 2017 ilikuwa imekaribia franga 1,600. Aliyelala na noti za franga chini ya kitanda aliamka maskini zaidi bila mwizi kuingia nyumbani.

Siku ya hesabu ilifika, Jumapili baada ya Misa ya pili, mwaka 2017. Daftari lilionyesha kiasi kimoja, bati likaonyesha kingine. Tulihesabu mara tatu mbele ya watu, na mara ya tatu vidole vyetu vilikuwa vinatetemeka. Zilipungua dola 186. Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa heri kama wangepiga kelele. Mzee mmoja wa baraza alisema polepole, “Mwalimu, tuambie tu.” Lakini hatukuwa na la kumwambia. Hatukuwa tumeiba, wala hatukuwa na njia ya kuonyesha kwamba hatukuiba. Mbele ya watu waliotoa franga zao za chumvi, mambo hayo mawili yanafanana sana.

Usiku ule hatukulala. Katika nyumba yetu mama wa watoto alitupikia ugali na sombe, akautazama ukipoa, akauondoa bila neno.

Siku ya Jumanne, jioni, yule binti wa sauti ya pili alibisha hodi. Alikuwa sasa mwanamke mwenye meza yake mwenyewe pale Kadutu, ya unga na maharagwe, na mtoto mgongoni. Aliketi, akaomba daftari letu, akatoa la kwake katika mfuko wa plastiki. Hakutaja kitabu cha kijani. Sisi ndio tulikikumbuka, tena tulikikumbuka kwa nguvu kiasi kwamba hatukuweza kumtazama usoni. Baadaye alitueleza kwamba alijifunza kwa karani wa duka moja, ambaye alimpa nakala za kurasa kadhaa, nyingi zikiwa zimekatika pembeni.

Alikaa nasi jioni tatu, kwa taa ya betri. Alituuliza maswali kama vile daktari anavyouliza: lini, kiasi gani, kwa nani, nani alikuwapo. Kwa kila kiasi alipiga mistari miwili na kusema kwamba fedha haizaliwi wala haifi, daima imetoka mahali na kwenda mahali, na mahali pote pawili lazima paandikwe. Akauliza kuhusu noti za franga. Tulikuwa na franga 93,000 zilizoandikwa kama dola 100, na tulipozibadilisha kwa 1,550 tulipata dola 60. Hapo peke yake dola 40 zilikuwa zimeyeyuka. Mazishi, dola 50. Pikipiki, kwa kumbukumbu zetu na za wale waliokwenda nasi, dola 31. Jumla 121. Zilizobaki 65 hatukuzipata, na hata leo hatujui zilikwenda wapi. Tulizilipa kwa mshahara wetu wa ualimu, dola 13 kila mwezi kwa miezi mitano, na kila mara tulitia sahihi mbele ya watu wawili.

Binti yule alisoma hesabu zote mbele ya kwaya Jumapili iliyofuata. Wengi waliridhika. Wako ambao hadi leo wanaamini kwamba mwalimu alikula fedha za kwaya, na mmoja wao, tukikutana katika kupeana amani, hunyosha ncha za vidole tu. Hatuwezi kumlaumu. Hakuona chochote kilichoandikwa wakati jambo lilipokuwa likitendeka, aliona tu kilichoandikwa baadaye.

Baada ya jioni ile ya tatu tulichukua ufunguo, tukaenda naye mpaka chumba cha nyuma ya sakristia, tukaondoa boksi la mishumaa na kumpa kitabu cha kijani. Alikifungua moja kwa moja mwishoni, akasema, “Hii ndiyo sehemu ambayo nakala zangu hazikuwa nayo, ya kufunga mwaka.” Akakaa chini pale pale, juu ya boksi, akasoma.

Tangu hapo tulianza kuuliza, kwa sababu mwalimu akiaibishwa hana dawa nyingine isipokuwa kurudi shule. Padri mmoja aliyesimamia hesabu za jimbo alitueleza jambo lililotushangaza. Njia ile ya kuandika kila fedha mara mbili, itokako na iendako, ilikuwa ikitumiwa na wafanyabiashara wa Venezia huko Italia, lakini aliyeiandika kwa kirefu katika kitabu kilichopigwa chapa, mwaka 1494, ni Luca Pacioli, mtawa wa Mtakatifu Fransisko. Mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara! Alikuwa mwalimu wa hesabu na rafiki wa mchoraji Leonardo da Vinci, na katika kitabu chake kikubwa cha hesabu alitenga sehemu nzima kwa ajili ya daftari za wafanyabiashara. Alimshauri mfanyabiashara aanze kwa jina la Mungu na aweke alama ya msalaba katika daftari lake la kwanza. Sisi tuliofikiri kwamba kitabu cha kijani kinanuka Kadutu tulikuwa tumekificha nyuma ya mishumaa kitu kilichopita katika mikono ya ndugu wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi.

Tulipolisikia hilo tuligeukia rafu ya kati, ya muziki, ambayo hatukuwahi kuitilia shaka. Kwa nini hatukuitilia shaka? Kwa sababu muziki huimbwa kanisani, basi. Lakini muziki nao ulipata vitabu vyake kwa jasho. Miaka elfu moja iliyopita mwanakwaya wa Ulaya alijifunza kila wimbo kwa sikio, kutoka kinywani mwa mwalimu, na ilimchukua karibu miaka kumi kuwa mwimbaji kamili. Mmonaki Mbenedikto, Guido wa Arezzo, alianza kutumia mistari na nafasi zake kuonyesha sauti inapopanda na kushuka, na majina ya sauti aliyatoa katika silabi za mwanzo za utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Alisema kwamba kwa njia hiyo mwimbaji anaweza kufunzwa kwa mwaka mmoja au miwili. Nazo zile herufi za solfa ambazo nyinyi mnaziandika juu ya maneno, d, r, m, f, zilienezwa na John Curwen wa Uingereza, ambaye alikuwa mchungaji Mprotestanti. Kwaya yetu imeziimba miaka yote bila kumwuliza dini yake.

Kwa hiyo kitabu cha solfeji na kitabu cha kontabilite hufanya kazi inayofanana. Kimoja huandika sauti, kingine huandika fedha, ili kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja kiweze kukaguliwa na wengine. Mwalimu wa kwaya asiyetaka nyimbo ziandikwe hutaka ategemewe daima. Mweka hazina wa namna hiyo, hata akiwa na moyo safi, huishia pale tulipoishia sisi, mbele ya watu, vidole vikitetemeka.

Na hapa nchini kwetu? Stefano Kaoze, mwana wa milima ya Marungu karibu na Ziwa Tanganyika, anajulikana kwenu kama padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati zetu, aliyepewa daraja mwaka 1917. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya upadri, katika miaka ya 1910 na 1911, alikwisha kuchapisha maandishi juu ya fikra na roho ya Wabantu, jinsi watu wake wanavyowaza na kuhisi. Wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1960 una mkono wa Mjesuiti, Padri Simon-Pierre Boka. Hao hawakuwa na rafu ya juu na rafu ya chini.

Mwezi wa Juni mwaka 2025 tulisikia kutoka Roma kwamba Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, ametangazwa Mwenyeheri. Nyinyi mmeimba, mmecheza, mmechapisha fulana zenye uso wake. Ni vema. Lakini tuwaombe mfikiri kidogo juu ya kazi yake. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa amesoma chuo kikuu, akaajiriwa katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa mpakani, na katika jumuiya ya Sant'Egidio aliwahudumia watoto wa mitaani. Mwaka 2007 walimletea fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Alikataa, akatekwa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tunapohubiri habari zake tunasema juu ya ujasiri, na ni kweli. Ila ili mkaguzi akatae mzigo mbovu, sharti kwanza ajue kwamba ni mbovu: lazima aelewe vipimo, karatasi za forodha, kanuni za chakula. Nani atasema kwamba masomo hayo yalikuwa ya rafu ya chini?

Katika Injili ya Luka, sura ya kumi na sita, bwana anamwita wakili wake na kumdai hesabu ya uwakili. Tumefundisha sura hiyo zaidi ya miaka ishirini. Kila mara tulieleza kwamba hesabu ile ni ya siku ya kufa. Hatukuwahi kuwaambia wakatekumeni kwamba ni hesabu pia, yenye deni la mafuta na deni la ngano, na vipimo vyake vimetajwa wazi. Sasa tunapoifikia sura hiyo tunawapa karatasi na kalamu, waandike nani anadaiwa nini na kiasi gani kimefutwa. Msichana mmoja mwaka jana aligundua kwamba mdeni wa kwanza alipunguziwa nusu na wa pili sehemu moja ya tano, akauliza kwa nini si sawa. Hatukuwa na jibu. Tulifurahi sana kutokuwa na jibu.

Kabati limepangwa upya. Hatukuchanganya ovyo, maana mwalimu ni mwalimu. Tumepanga kwa herufi za waandishi, hivyo mtakatifu anaweza kusimama jirani na mfuga sungura. Wazee wawili wa baraza hawakupenda. Mmoja alisema parokia itageuka kuwa shule ya biashara, na tulimsikiliza kwa heshima, kwa kuwa ni maneno yetu ya mwaka 2011. Paroko aliamua kwamba vijitabu vya kuahidi utajiri havitaingia, na katika hilo tuko pamoja naye kabisa. Kitabu kimoja cha namna hiyo kililetwa kama zawadi, nacho tulikirudisha.

Matatizo yapo. Vitabu vingi ni vya Kifaransa, na Kifaransa cha vijana wetu ni chepesi kuliko wanavyodhani wao wenyewe. Kwa hiyo tunasoma kwa pamoja, ukurasa mmoja kwa jioni moja, na kueleza kwa Kiswahili. Mchwa wamekula nusu ya kitabu cha nyuki. Umeme hukatika. Vitabu vya muziki ndivyo vinavyoazimwa zaidi, na ndivyo vinavyorudi vimechakaa zaidi. Cha useremala kilirudi na alama za gundi, tukajua kwamba kimetumika.

Tena, mabenki ya Goma na Bukavu yalipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wengi walibaki bila mahali pa kuweka fedha isipokuwa katika likelemba na mifuko ya jumuiya zao. Mama anayeleta franga zake kila juma analeta karo ya mtoto, analeta dawa. Katika mashirika mengi anayepokea ni mtu anayeaminiwa, mwenye sifa nzuri, anayeandika nyuma ya daftari la kitu kingine. Tunamjua mtu huyo. Kama wewe kijana ndiye uliyechaguliwa, usikubali bati bila daftari lake lenyewe, na watu wawili wa kutia sahihi kando yako. Na kama mwalimu wako ndiye anayelishika, mwombe akuonyeshe. Akikasirika, mweleze habari zetu.

Ufunguo hatuna tena. Tulimwomba yule binti, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, autunze, akakataa kwa kuwa meza yake haimwachi kabla ya saa kumi na moja. Unaning'inia katika msumari ndani ya chumba cha kwaya, na daftari la kuazima liko chini yake, limefungwa kwa kamba ili lisihame. Vitabu hutolewa Jumamosi baada ya mazoezi. Njoni na mfuko wa plastiki, maana ni majira ya mvua. Kitabu cha kijani hamtakikuta. Kimeandikwa katika mstari wa kwanza wa daftari, kwa jina lake, na tarehe ya kukirudisha tuliiacha wazi.